Mwongozo kamili: jinsi ya kuchagua mahali pa kulala kando ya ziwa kijijini Uganda, usiku usije ukakutesa

Mchana ziwa ni la kila mtu. Ukilala gesti ya bei poa Kabale mjini, asubuhi ukapanda boda mpaka Ziwa Bunyonyi, utalitazama hadi uchoke na hakuna atakayekudai shilingi. Kumbe kile unacholipia kwenye loji ya kando ya maji ni usiku, yaani zile saa kumi na nne au kumi na tano kuanzia jua likizama mpaka ukungu utoke, na ndizo saa ambazo hazionekani kwenye picha hata moja. Watu wanachagua kwa picha ya saa sita mchana, mtu amekaa kwenye kiti cha mbao na glasi ya juisi, afu usiku wanalala na soksi mbili na jaketi wakilaani. Huu mwongozo unaenda kinyume, unachagua kwa usiku kwanza, mandhari yatajileta yenyewe maana kule kwetu magharibi hakuna ziwa lenye sura mbaya.

Hatua ya 1: Amua ziwa, maana kila ziwa lina usiku wake

Bunyonyi ndilo linaloongoza kwa sifa na kwa wageni. Liko juu, karibu mita 1,960 kutoka usawa wa bahari, lina visiwa 29 na vilima vya mashamba ya matuta pande zote. Halina mamba, halina kiboko, na linasifika kuwa halina kichocho, ndio maana watu wanaogelea bila wasiwasi. Ila jua mambo mawili. Kwanza ni baridi, banange, baridi ya kweli, usiku joto linaweza kushuka mpaka nyuzi 10 na asubuhi ukungu unalala juu ya maji hadi saa tatu au nne. Pili, maji yanashuka ghafla kutoka ukingoni, hakuna kile kipande cha kutembeatembea maji yakiwa magotini, kwa hiyo kama hujui kuogelea au una watoto, laifu jaketi si mapambo.

Mutanda liko Kisoro, ukifika Kabale unaendelea kama kilomita 75 hivi kwa barabara ya kona kona mpaka masikio yanaziba. Ni kimya kuliko Bunyonyi na siku ya anga safi unauona mlima Muhavura, mita 4,127, na wenzake wa Virunga wamejipanga mbele yako. Shida ni kwamba loji nyingi za pale zinaishi kwa wageni wanaokuja kuona gorila (sokwe wa milimani) kwenye hifadhi za Bwindi na Mgahinga, bei zake zimeandikwa kwa dola na kuanzia Juni mpaka Septemba zinajaa mapema. Ukipenda Mutanda, nenda nje ya hiyo miezi uongee nao vizuri.

Maziwa ya kreta, yaani yaliyo ndani ya mashimo ya volkano za zamani, ya upande wa Fort Portal, yaani Nkuruba, Nyabikere, Nyinambuga, Lyantonde na ndugu zao wa Kasenda na Ndali, mimi naona ndiyo yanamfaa mtu anayependa utulivu lakini hapendi baridi ya Kigezi, yaani upande wa Kabale na Kisoro. Fort Portal kutoka Kampala ni kama kilomita 300 za lami, unafika mchana bila kuvunjika mgongo. Nkuruba lina kempu ya jamii ndani ya msitu wake mdogo na mbega wanapita juu ya kichwa chako. Nyabikere lina vyura, na vyura hawalali, kama wewe usingizi wako ni mwepesi usiseme hukuambiwa. Kitu cha kuangalia huku ni kwamba ziwa liko chini kabisa ya shimo na loji nyingi ziko kwenye mdomo wa kreta juu, kwa hiyo "kando ya ziwa" inaweza kumaanisha unaliona vizuri sana lakini kuligusa ni kuteremka njia ya utelezi na kupanda tena ukihema.

Mburo, kabla ya kufika Mbarara, ni habari nyingine. Ni hifadhi ya taifa, kuna kiboko, mamba na chui, na ukilala ndani unalipa ada ya hifadhi juu ya hela ya chumba. Kiboko anatoka majini usiku kula majani, na majani mazuri mara nyingi ndiyo yale yaliyofyekwa mbele ya hema lako. Kuvutia kunavutia, ila choo kiwe ndani ya chumba, na usitoke bila askari wa kukusindikiza.

Ssese, visiwa vya Nalubaale (Ziwa Victoria) upande wa Kalangala, unafika kwa meli kutoka Nakiwogo pale Entebbe au kwa feri ya Bukakata ukipitia Masaka. Mchanga mweupe, usiku wa joto, ngege wa kukaanga. Lakini Nalubaale lina kichocho, na hata Albert na Kyoga ni hivyo hivyo, msiseme "sisi tuliogelea na hatukuumwa", kichocho hakikuumi siku hiyo. Ukiingia majini, ukirudi nyumbani subiri kama wiki sita hadi nane uende ukapime, dawa ipo na haina mambo mengi.

Hatua ya 2: Ukingoni, juu ya kilima, au kisiwani?

Watu wanaruka hii hatua wakati ndiyo inayoamua kama utafurahi. Ukingoni kabisa unasikia maji usiku, unashuka kuogelea na taulo begani, lakini pia unapata unyevunyevu, ukungu, mbu kama ni ziwa la chini, na kama karibu kuna gati basi kuanzia alfajiri ni kelele za boti na watu wa sokoni. Pale Rutinda, ambapo ndipo boti nyingi za Bunyonyi zinaanzia, kuna soko Jumatatu na Ijumaa, mitumbwi inakuja na viazi, kabichi, mtama na kuku kutoka kila kona ya ziwa. Mimi napenda sana kuangalia, ila si kila mtu anataka kuamshwa nalo.

Juu ya kilima kuna upepo zaidi lakini ukungu unatoka mapema na jua linakaa zaidi. Hapa angalia chumba kimeelekea wapi. Kilichoelekea magharibi kinapigwa jua la alasiri mpaka jioni, na kama ukuta ni wa matofali au mawe basi unameza lile joto na kuingia nalo usiku. Kilichoelekea mashariki kinapata jua la asubuhi, lakini kwa Bunyonyi hilo jua la asubuhi mara nyingi ni ukungu mtupu. Na kama kilima cha nyuma ni kirefu, basi saa kumi jioni tayari uko kivulini. Fungua ramani ya Google, weka picha ya setilaiti, uone jengo liko upande gani wa kilima, ni kazi ya dakika mbili.

Kisiwani ndiko kwenye ule utulivu wenyewe, hakuna boda, hakuna spika za baa, na usiku ni giza la kweli mpaka nyota zinaonekana zimeshuka. Lakini kisiwani ukisahau kitu umesahau, ukichukia chakula ni hicho hicho mpaka kesho, mtoto akipata homa usiku unatafuta boti gizani. Kwa wapendanao na kwa mtu anayetaka kusoma na kulala, kisiwa. Kwa familia yenye mtoto mchanga au mzee wa magoti, bara, na uulize kabisa ngazi ni ngapi kutoka gari linaposimama, maana Kigezi kila kitu kiko juu ya kitu kingine.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya giza kabla ya hesabu ya pesa

Sisi tuko kwenye ikweta, mwaka mzima saa moja na nusu jioni giza limeshashika, hakuna cha jua la kiangazi la kukungoja. Kampala mpaka Kabale ni kama kilomita 410, basi linakula saa nane au zaidi kama trafiki ya kutoka mjini ni mbaya. Sa ukiondoka saa nne asubuhi kwa sababu ulilala sana, utafika Kabale jioni, boda mpaka gati, na mwenye boti anakwambia bei ya usiku. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wale wa kutoka Kigali mna raha, mnavuka Katuna na Kabale iko hapo hapo, na wa Nairobi gaweni safari, laleni Kampala au Mbarara, msijifanye mashujaa.

Boti yenyewe: mtumbwi wa kupiga kasia unaweza kula karibu saa nzima kwenda visiwa vya mbali kidogo, boti ya injini ni dakika chache. Patana bei kabla ya kukanyaga ndani, na mpatane ni ya boti nzima au ya kila kichwa, kwenda tu au na kurudi. Mizigo ifunikwe na turubai. Na kama utaamua kuendesha mwenyewe ule mtumbwi wa gogo, jiandae kuzunguka pale pale mbele ya watoto wa kijiji, wataangua kicheko na wana haki.

Miezi ya mvua, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, ile barabara ya mwisho ya murramu ndiyo shida. Gari dogo linaweza kukwama kilomita mbili kabla ya loji yako nzuri. Uliza wazi: "Gari la kawaida linafika sasa hivi, wiki hii?" Usiulize kama barabara ni nzuri, kila mtu anasema barabara yake ni nzuri.

Hatua ya 4: Soma picha kwa jicho la mtu atakayelala pale

Tafuta picha za wageni, siyo za loji, na uangalie vitu wenye loji hawaonyeshi. Kitanda kina mablanketi mangapi? Neti ipo na inafika chini au inaning'inia tu kwa urembo? Mlango una nafasi chini? Dirisha linafungwa au ni uwazi tu? Hii ya mwisho si utani, Bunyonyi kuna vyumba vya duara ambavyo mbele viko wazi kabisa, hamna ukuta, unalala unatazama ziwa, na watu wanavipenda mno, ila ni lazima ujue hivyo kabla, siyo ujue saa mbili usiku.

Paa pia lina maneno. Nyasi zinashika joto na mvua ikinyesha unalala vizuri zaidi. Mabati bila dari, mvua ya Kigezi ikianza hamuwezi hata kuongea, na usiku yanapoa haraka. Hema la kwenye jukwaa la mbao ni zuri kwa Mburo na Ssese, lakini kwa baridi ya Bunyonyi upepo unapita chini ya mbao na kitanda kinakuwa baridi kutokea chini, ambapo blanketi halikusaidii. Ukuta mzima wa kioo unaotazama ziwa ni mtamu machoni, ila ukikosa pazia zito joto lote linatokea hapo.

Kwenye maoni ya wageni usihangaike na nyota. Tafuta maneno: baridi, maji ya moto, kelele, panya, jenereta, kusubiri chakula. Kama watu watatu tofauti wametaja baridi, basi ni baridi.

Hatua ya 5: Piga simu, na uulize maswali ya usiku

Ujumbe wa WhatsApp ni mzuri kwa kuomba picha na bei, lakini maswali uliza kwa simu, maana kwa sauti unajua kama mtu anajua anachosema au anakujibu "ndiyo" kwa heshima. Kila swali la kujibiwa ndiyo au hapana utajibiwa ndiyo. Kwa hiyo usiulize "kuna maji ya moto?" Uliza "maji ya moto yanapashwa na nini?"

Wakisema sola, basi maji yana moto jioni baada ya siku ya jua, asubuhi ni bahati, na siku ya mawingu hamna. Oga saa kumi na moja jioni na maisha yataendelea. Wakisema kuni, yaani wanachemsha na kukumiminia kwenye tangi au ndoo ya bafu, mimi hiyo naiamini kuliko sola, uliza tu wanaleta saa ngapi na unawaambiaje. Wakisema umeme, uliza ukikatika inakuwaje.

Taa na chaja: sehemu nyingi za visiwani soketi ziko kwenye mgahawa tu, chumbani ni balbu ya sola. Hakuna ubaya, beba pawabenki na tochi. Lakini kama unalala na mashine ya kupumulia, au una dawa ya kukaa kwenye friji kama insulini, hili ndilo swali lako la kwanza kabisa kabla hata ya bei. Jenereta kama ipo inazimwa saa ngapi, na iko umbali gani na chumba unachopewa?

Blanketi: "Mnatoa mangapi kwa kitanda, na naweza kuongezwa?" Loji nzuri za Kigezi zitakuwekea kale kampira ka maji ya moto kitandani wakati unakula, miguu inakuta joto tayari, na kwa maoni yangu hako kampira kanashinda mapambo yote ya ukutani. Kama hawana, beba chupa ngumu isiyovuja, omba maji ya moto jikoni, izungushie soksi.

Moto: Uliza kama kuna moto wa kuni jioni, uko wapi, na kama kuni ziko kwenye bei. Chumba chenye mahali pa moto na chimni inayovuta vizuri ni raha. Ila sikiliza hapa na usicheze: mtu akikuletea sigiri ya mkaa chumbani ili upate joto usiku, kataa, hata kama ni kwa upendo. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wanalala nayo wasiamke. Familia nzima zimekufa hivyo. Sigiri inakaa nje, hata ile inayoonekana imezimika na kubaki makaa mekundu.

Choo: ndani au nje, na kama ni nje, ni hatua ngapi na njia ina taa? Swali dogo hilo, lakini saa tisa usiku mvua inanyesha na uko kwenye mteremko, utanikumbuka.

Chakula: kisiwani hakuna duka la kukimbilia. Jikoni wanapika ukiagiza, kwa hiyo agiza chakula cha jioni mchana, afu nenda kaogelee. Bunyonyi ukitaka kitu cha pale omba kamba wa maji baridi, wanawapika na mchuzi au wanawakaanga, na viazi vya Kabale hata vikichemshwa tu ni vitamu. Bushera, kile kinywaji cha mtama, uijaribu mchana kwanza. Kama hamli nyama fulani au kuna mtoto anayechagua, sema kwenye simu, siyo mezani.

Kelele: "Jumamosi kuna muziki karibu, kuna harusi au kundi kubwa limebuku?" Kimya cha Jumanne na kimya cha sikukuu havifanani, na Krismasi au Pasaka nusu ya Kampala inahamia maziwani. Mtu anayeweza kwenda katikati ya wiki aende katikati ya wiki, bei inashuka na unachagua chumba.

Hatua ya 6: Pesa, kwa kifupi

Uliza bei ya Mwafrika Mashariki, sehemu nyingi ipo na hawakuambii usipouliza, beba kitambulisho. Uliza bei ni ya chumba au ya mtu, ni kulala na chai tu au na milo yote, na boti imo au haimo, maana loji ya bei ya chini yenye boti ya bei ya juu si loji ya bei ya chini. Dipoziti tuma kwa namba ya MoMo (pesa ya simu) iliyosajiliwa kwa jina la loji au jina ambalo umethibitisha kwa kuwapigia kwenye namba yao ya wazi, na weka ule ujumbe wa malipo. Toa keshi Kabale, Kisoro au Fort Portal mjini, usitegemee mashine ya kadi kwenye kisiwa ambapo hata mtandao unategemea upepo umeamkaje.

Hatua ya 7: Nusu saa ya kwanza ukifika

Usifungue begi. Hapo bado kuna mwanga na bado kuna vyumba vingine, baada ya saa moja vyote viwili vimeisha. Fungulia maji ya moto uyaache yatiririke. Shusha neti utafute matundu. Lala kitandani dakika mbili kwa kweli, na uguse godoro na shuka, kando ya ziwa shuka zinaweza kuwa na unyevu hata zikiwa safi, na shuka yenye unyevu usiku wa baridi ni mateso, omba nyingine. Funga mlango na ufuli ujaribu. Washa taa zote. Tembea njia ya kwenda kula ukiwa bado unaona, hesabu ngazi, maana utairudi gizani.

Jambo likikosekana, sema pale pale kwa upole, "ssebo (bwana), naomba nione chumba kingine", hawakasiriki, mara nyingi chumba cha pili ni kizuri kuliko cha kwanza kwa sababu kilichofunguliwa ni kile kilichokuwa karibu. Na kama mna mpango wa kukaa siku nne, buku na ulipe usiku mmoja au miwili kwanza kama si msimu wa kujaa, uwaambie wazi kwamba mkilala vizuri mtaongeza. Mwenye loji akisikia hivyo, moto unawashwa mapema na yale mablanketi ya akiba yanatoka stoo bila kuulizwa, na ikitokea usiku umekushinda, asubuhi boti za Rutinda zipo na upande wa pili wa ziwa kuna mahali pengine pa kujaribu.